Tone Ndani ya Tone

Maabarani walimwita Bi Matone, kwa sababu kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa hiyo: kuyeyusha dawa majini, kufunga maji hayo ndani ya matone ya mafuta, kisha kuyaelesha mafuta katika maji mengine. Nia ilikuwa dawa kali ya saratani itoke polepole mwilini, isimuunguze mgonjwa. Lakini matone ya ndani hayakuwa na subira. Siku ya tatu yalipasuka, dawa ikavuja, chupa ikabaki mafuta juu, maji chini.

Mwaka ule dada yake mkubwa akalazwa kwa saratani hiyohiyo. Dawa ya kawaida ilimbabua mishipa mpaka mikono ikawa myeusi.

Bi Matone akajifungia kazini. Dutu aliyoizoea, ile inayolazimisha mafuta na maji kukaa nyumba moja, ilikuwa ikiacha mianya kwenye ngozi ya tone. Akaitafutia mwenzi wa kuziba mianya hiyo: fosfolipidi, aina ya mafuta iliyotolewa kwenye kiini cha yai. Michanganyiko ishirini na sita iliharibika. Wa ishirini na saba ulishika. Wiki ya tatu, chini ya hadubini, matone yalikuwa mazima, kila moja na wenzake tumboni.

"Tutampa mtu lini?" alimwuliza mkuu wa maabara.

"Mtu? Panya wenyewe hatujamalizana nao. Miaka minne, mitano."

Kesho yake adhuhuri alitia chupa mkobani, akaenda wodini.

Dada aliikodolea macho. "Mbona kama maziwa? Umeshampa nani?"

"Panya."

"Wamepona wangapi?"

Bi Matone akakaza kizibo cha chupa kilichokuwa kimekazwa tayari. Kati ya kumi, sita walikuwa wamekufa, na hakuna aliyejua sababu.

"Mdogo wangu," dada akasema, akijikaza kucheka, "zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hilo la kwenye chupa halinijui. Rudisha."

Akarudisha, na kwa kuwa hakujua kuficha, akamweleza mkuu kila kitu.

"Ungemdunga, leo ungekuwa muuaji," mkuu akasema. Akamwondoa kwenye hadubini, akampeleka kuosha vyombo vya kioo.

Dada alifariki siku kumi na nane baadaye, asubuhi. Simu ilipoingia, Bi Matone alisema tu, "Sawa, shemeji, nakuja," kisha akasuuza chupa zilizobaki, maana hakujua afanye nini kingine.

Mchanganyiko wake sasa unashughulikiwa na mwenzake. Mara mojamoja humwita aje atazame. Bi Matone hujibu kwamba mikono yake imelowa.