Maksai wa Malineo Mbele ya Hakimu
Nitawaambieni jambo mtakaloapa kuwa ni uongo. Msipoamini, shauri yenu, wapwa zangu. Mimi nilikuwepo, na nilisoma mpaka darasa la pili, nikaona limenitosha.

Dada yangu Malineo, huyu anayechambua maharage pale mlangoni, alikuwa mjane kijana siku zile Mwingereza anatutawala hapa Basutoland. Mali yake ilikuwa shamba na maksai wawili. Mjane asipolima misimu miwili, chifu humpa mwingine shamba lake, na dada msimu mmoja ulikwisha kumpita. Basi Ranko, mtu wa bonde la pili, akamwibia maksai mmoja, akamchinja, akamla na ukoo wake mpaka mkia.

Alikamatwa mdomo ungali unang'aa mafuta. Hakimu Mzungu akamfunga mwaka mmoja, akavunje mawe ya barabara.

"Kesi imekwisha," mkalimani akasema.

"Imekwisha kwa nani?" akauliza Malineo. "Hebu muulize bwana mkubwa: aliyeibiwa ni mimi au barabara?"

Watu wakaangua kicheko. Mkalimani akajitia kukohoa, lakini Hakimu akataka kujua wanacheka nini. Alipotafsiriwa, uso ukamwiva, akafungua kitabu chake cha sheria. Kumbe imo humo humo: mwizi aweza kuamriwa kumlipa aliyemwibia! Akatuma askari zizini kwa Ranko, wakarudi na maksai mwekundu, mnene kama mke wa chifu.

Nikapiga vigelegele kama mwanamke. Dada akamshika maksai sikio, akaitazama alama yake, akaketi chini.

"Simchukui."

"We, una wazimu?" nikamnong'oneza. "Mvua hiyo inakuja!"

"Huyu ni wangu. Wananilipa kwa mali yangu mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Marehemu shemeji alimpa baba yake Ranko ng'ombe wa mafisa: unamtunza, unamkamua, unalimia, lakini yeye na uzao wake ni mali ya aliyekupa. Hakimu hakuelewa kitu. Kwake yeye, ng'ombe aliye zizini mwako ni wako.

Malineo akamgeukia mzee Thebe, ami yake Ranko na mkubwa wa ukoo wao. "Baba, mimi mwanao sibishani na wewe. Sema tu mbele ya watu. Huyu ni wenu, au ni wa mafisa?"

Mzee akakuna kidevu. Akisema ni wao, atatoka pale hana deni, lakini nani tena kati yetu angempa ng'ombe wa kutunza? Na nusu ya zizi lile ilikuwa ng'ombe wa watu. Akisema ni wa mafisa, maksai aliyeliwa bado hajalipwa.

"Binti, una ulimi wa nyoka."

"Ndiyo, baba. Sema."

"Wa mafisa," akanung'unika, na kesho yake akaleta maksai wake mwenyewe, mweusi, akamfunga mlangoni kwa dada, kando ya yule mwekundu aliyekwisha kurudi kwa mwenyewe, bila hata kuomba maji ya kunywa.

Mvua ikashuka. Dada akafunga plau, akalimaliza shamba lote kabla umande haujakauka, mimi mbele nikiongoza maksai kumi na wawili, Hakimu amevua kofia ukingoni, machozi yanamtoka, na chifu akipiga ma—

"Hakimu yupi, Tseliso?" dada akadakia kutoka mlangoni. "Maksai walikuwa watatu! Na wewe nani alikuona shambani siku hiyo?"