Mpishi na Soya Mbichi

"Nani kasaga soya mbichi?" alifoka mpishi wa watoto wa chekechea, hapa kijijini Mitole, unga kiganjani.

"Mimi, dada," nilijibu. "Si uji utachemka?"

"Mchemko mmoja? Soya mbichi hukamata maji ya tumboni yanayovunja chakula. Mtoto anashiba, mwili haupati kitu! Ubaya huo huuliwa na moto mrefu tu."

Huyu hapandishi sauti bila kupandisha mwiko. Vidole vimembabuka kwa mvuke, na uji huuonja mara tatu, macho kayafumba. Watoto walilia na mabakuli yao, wangu akiwaongoza. "Walie!" Akakoroga mpaka adhuhuri, akaikosa zamu yake ya kulima shamba la ujamaa. Walipokwisha kula, nilichukua jembe nikamlimia sehemu yake yote, wala sikungoja aniombe.