Niliuza Sauti ya Mama kwa Dawa ya Kunguni

Nimekosa, na wakili simtafuti. Mimi ndiye niliyeuchukua wimbo wa watu nikauvalisha kunguni. Nichekeni tu, nitavumilia, ila jina msiniulize. Same ni mji mdogo na mimi bado nauza.

Kazi yangu ni dawa za wadudu. Nina pikipiki na spika nimeifunga nyuma. Nazunguka mjini, nateremkia magulio ya tambarare mpaka Kihurio, napita na kwenye kambi za mkonge, maana kunguni wa kambini hawana likizo. Kwa kupatana bei sina mpinzani. Ndizi nikinunua moja, naihesabu mara mbili.

Kwetu ni mlimani. Kijiji sikitaji. Tuna ndiva, bwawa la mawe na udongo walilotuachia mababu. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kabla ya kupanda, kijiji kizima kinatoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, kuzoa tope ndani ya ndiva. Na kwenye tope lile anayeongoza wimbo ni mama yangu mzazi.

Jamani, mama anaimba! Mwembamba kama mti wa kuegeshea maharage, lakini akifungua kinywa hata tope linakuwa jepesi. Wimbo aliutunga mwenyewe kabla sijazaliwa. Yeye anatoa, "Maji ee!", watu wanaitikia, "Shukeni!", na majembe yote yanashuka pamoja. "Kwa jirani ee!" "Shukeni!" Siku hizi unaimbwa mpaka harusini. Jirani yetu Baba Mbazi aliufanya mlio wa simu. Simu ikiita hapokei mpaka ubeti uishe. Amekosa simu nyingi za maana kwa ajili ya mama yangu.

Aliyeurekodi ni mimi. Nilisimama ukingoni na simu yangu, mtoto wa mjini anayeogopa tope. Mama akasema, "Rekodi, baba. Ukiwa huko chini unikumbuke."

Nikamkumbuka kweli. Halafu nikakumbuka na biashara.

Wenzangu wote wa dawa walikuwa na matangazo ya kufoka, utadhani muuzaji anaibiwa. Nikaona watu wamechoka kufokewa. Nikampelekea fundi wa kurekodi matangazo ile sauti. Akaacha mama aanze, "Maji ee!", waitikiaji "Shukeni!", kisha naingia mimi, "Kunguni ee!" "Shukeni!" "Viroboto ee!" "Shukeni!" Kijiji kizima kikawa kinanifanyia kazi bila posho. Nilijiona nina akili, wee!

Niliuza mpaka nikaogopa. Vijana wa kwenye mkonge, waliotoka mikoa ya mbali, wasiomjua mama yangu, wakawa wanauimba wakikata. Watoto wakawa wanakimbilia pikipiki na kuitikia. Mimi nachekelea tu.

Siku moja Baba Mbazi akashuka, akanikuta stendi.

"Shikamoo, Baba Mbazi."

"Marahaba, lakini sikuja kutafuta marahaba! Simu yangu imeita ndani ya basi. Basi zima likaanza kujikuna!"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kijana, wimbo ule niliuimba kwenye tope na marehemu kaka yangu, bega kwa bega. Nikiusikia nilikuwa namwona yeye. Sasa namwona kunguni. Kunguni mnene! Nirudishie."

"Mzee wangu, sijakuchukulia kitu. Si bado upo kwenye simu yako?"

"Upo wapi? Humu lipo tangazo lako."

Nikampa chupa ya dawa bure. Akaikataa, akaondoka. Baadaye akarudi akaichukua, maana kunguni alikuwa nao kweli. Lakini mlio ule aliufuta, akaweka ule wa kuzaliwa na simu.

Hapo ndipo ningeacha. Sikuacha! Nilijiambia mzee mmoja si soko.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama alikuwa ameshuka gulioni kuuza tangawizi. Alipomnadia mteja, yule dada akashtuka: "Sauti hiyo! Si wewe mama wa kunguni? Nifungie mbili, wangu wamezidi." Mama akamwambia anauza tangawizi. Yule dada akamjibu, "Basi niimbie kidogo." Haya niliyasikia kwa watu baadaye. Mama mwenyewe alifunga mzigo wake, akapanda mlima, hakumwambia mtu.

Ikafika siku ya msaragambo. Nilipanda na mimi, nikakaa ukingoni kama kawaida. Watu wameingia, majembe tayari, wanamsubiri mama. Mama anachimba kimya.

"Mama, tuanzishie," mwenyekiti akamwomba.

"Koo," akasema.

Hakuwa anaumwa koo wala nini. Jirani mmoja akajaribu kumsaidia: "Maji ee!" Kabla watu hawajaitikia, kijana wa nyuma akadakia, "Kunguni ee!" Na ndiva nzima ikajibu, "Shukeni!"

Loo! Walicheka mpaka majembe yakaanguka. Wengine wakajikuna kwa mzaha, na ukishaanza kujikuna kwa mzaha unaendelea kwa kweli. Mama akatoka kwenye tope, akanawa miguu taratibu, kidole kwa kidole, akaenda nyumbani bila kunitazama.

Kazi ikafa palepale. Kila mtu akachimba kwa mwendo wake, jembe hili juu, lile chini. Wakaanza kuondoka, huyu ana mgonjwa, yule ana mbuzi. Mchana walibaki wanne. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Nusu ya tope ikabaki ndani, na ndiva yenye tope haishiki maji. Msimu ule zamu zilifupishwa, mahindi ya mashamba ya chini yakakauka yakiwa yamefika kiunoni. La mama lilikuwemo.

Tangazo nikalifuta. Nikanunua kitenge na sukari, nikapanda. Nilimkuta anachagua maharage ya makande.

"Mama, nisamehe. Nimelifuta."

"Umelifuta kwenye spika. Kwenye vinywa vya watu utalifuta na nini? Unayo dawa yake?"

"Nitafanya chochote, mama. Wewe sema bei."

Akainua macho. "Unasikia unavyozungumza?"

Nikaweka kitenge na sukari chini. Akaendelea na maharage yake. Nilipokuwa natoka akasema, "Msaragambo ujao uje na jembe. Na uvae kaptula."

Nilikwenda. Safari hii niliingia kwenye tope mpaka magotini, na ni baridi, msisikie! Mama akaweka ungo ukingoni, akasema kila mwenye simu aiweke humo, la sivyo haimbi. Zikawekwa. Akakohoa, akanitazama, akaanza wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

"Nimezaa mwana ee!"

Watu hawajui waitikie nini. Akawafundisha: "Semeni, kauza nini?"

"Kauza nini?"

Akaninyooshea mpini wa jembe. Zamu yangu. Watu wote wananitazama, tope linanivuta.

"Kauza mama!" nikaimba, kwa sauti ya kuku aliyekanyagwa.

Mlima mzima ulicheka. Kisha majembe yakashuka pamoja. "Nimemlea kwa makande ee!" "Kauza nini?" "Kauza mama!" Tuliimba hivyo kutwa, na mimi ndiye niliyekuwa kiitikio. Tope lilitoka lote, tukaona mawe ya chini.

Mama sasa ananisemesha. Ila ule wimbo wa maji umekufa. Hakuna aliyeukataza. Mtu anauanza, watu wanatazamana, anaacha mwenyewe.

Na huu mpya, jamani, ni mtamu kuliko ule! Najua ungeuza nini, kambi gani, gulio gani. Sina hata sekunde yake moja kwenye simu, na sitafuti.

Wewe mwenye spika, nakuonya. Wimbo unaopendwa na watu una kazi yake tayari, usiutafutie nyingine. Kama lazima utangaze, piga kelele kwa koo lako mwenyewe. Watu watakuchukia wewe, na wewe unaweza kuomba msamaha, wimbo hauwezi.