Nilitumia Namba ya Rafiki Yangu Kwenye Printa ya Ofisi

Kosa ni langu. Naanza hapo ili nisije nikajisahau katikati nikaanza kulaumu mashine, au bosi, au watu wa kwetu. Haya nimeyaandika kwenye daftari langu mara tatu, na mara zote tatu nimechana karatasi. Sikusoma sana, niliishia kidato cha nne, kwa hivyo mnivumilie nikiyumba.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya bima kule Upper Hill, Nairobi. Napanga mafaili. Rafiki yangu, nitamwita Mwikali ingawa si jina lake, alikaa mapokezi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kwao ni Kitui. Mimi ni mtu wa Dagoretti, naishi peke yangu, chumba kimoja. Nikisema Mwikali ndiye mtu pekee aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje, siongezi chumvi. Saa ya chakula tulikula muthokoi wake, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye bakuli moja, vijiko viwili.

Zamani kila meza ilikuwa na kaprinta kake. Hiki wino umeisha, kile kimekwama karatasi, na watu walichapisha ovyo ovyo, upande mmoja tu, nyingine hata hawaji kuzichukua. Bosi akachoka. Akaviondoa vyote, akaleta mashine moja kubwa. Inachapisha, inatoa kopi, inaskani, na inatumia pande zote mbili za karatasi bila kuambiwa. Kila mtu akapewa namba yake ya siri. Usipoibonyeza, hakuna kitu kinatoka. Na mwisho wa mwezi mashine inatoa orodha: fulani katoa kurasa ngapi, za rangi ngapi.

Niseme ukweli, ilisaidia. Karatasi na wino vilianza kukaa. Bosi hakukosea.

Kuitunza nikapewa mimi. Jameni, nilivyofurahi! Maisha yangu yote sijawahi kusimamia kitu. Nikasimama mbele ya ofisi nzima nikasema, "Mambo ya kanisa, ya chama, ya shule za watoto, mkachapishe huko nje. Hapa ni kazi tu."

Mwikali akaangua kicheko. "Haya, Waziri wa Makaratasi! Hata kukohoa tukuombe ruhusa?"

Lakini namba zilikuwa zikimpotea kichwani. Akaniambia, "Wewe, niandikie yangu huko kwa daftari lako. Nikisahau nakuuliza." Nikaiandika. Hakufikiria mara mbili.

Kisha mjomba wangu akafariki. Alikuwa akiuza matumbo karibu na machinjio ya Dagoretti, mtu wa watu, anajulikana soko zima. Kamati ya mazishi ikakaa nyumbani kwake. Huyu gari, yule sufuria, yule hema. Zikafika programu, zile za kurasa nane zenye picha zake tangu ujana. Binamu yangu akanigeukia.

"Za nini kuhangaika? Huyu si yuko ofisi kubwa Upper Hill? Programu ni zake."

"Asante mama!" wakasema wote, na shangazi akanipigia makofi.

Mnajua vile mambo yalivyo kwetu. Ukiwa na ofisi, programu ni zako, tangu enzi za vile viprinta vya mezani. Ningeweza kusema mambo yamebadilika. Ningeweza kwenda mjini kwa wale wa kuchapisha, nikope kidogo. Ningeweza kumwomba bosi, na pengine angekubali, maana hata yeye amezika. Sikufanya hata moja. Niliona haya ndugu zangu wajue sina uwezo pale ofisini.

Ijumaa nikafika mapema kabla ya wote. Nikachomeka flashi. Kidole kikaenda kwa namba yangu, kikasimama. Mimi niliyehubiri, nionekane kwenye orodha? Nikafungua daftari. Nikabonyeza namba ya Mwikali.

Nakala mia moja, zote za rangi. Mjomba wangu akitoka mle ndani anatabasamu, tena na tena, na mimi nikiangalia mlango.

Nilijiambia nitamweleza Jumatatu, atanicheka yaishe. Jumatatu akaniletea chai; nilikuwa nimemwambia kwetu nimepewa programu. "Pole na msiba, dada yangu. Programu zilitoka vizuri?" Nikasema zilitoka vizuri. Nikanywa chai yake.

Orodha ikatoka mwisho wa mwezi. Bosi aliniita nayo.

"Nani huyu ametoa kurasa mia nane za rangi?"

"Hiyo ni namba ya Mwikali," nikasema. Ni kweli ilikuwa namba yake! Ona vile mtu anaweza kusema ukweli na awe anadanganya.

Akaitwa. "Mwikali, hizi zilikuwa za nini?"

"Hata mimi sijui, bosi. Mimi rangi sijawahi kutoa hata moja."

"Kuna mtu mwingine ana namba yako?"

Mwikali akageuka akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia tu, akangoja.

Na mimi nikasema, "Mashine haidanganyi."

Yeye hakunitaja. Alisema, "Basi sawa," akarudi mapokezi kushika simu iliyokuwa ikilia.

Bosi hakumfukuza. Mkataba wake ulipoisha, hakuongezewa. Nikajishikilia hapo: pengine hata bila orodha asingeongezewa, nani ajuaye?

Tangu aondoke, nakula kwenye chumba cha mafaili. Nikikaribia mashine, watu wanaacha kuongea, wanachukua karatasi zao wanaenda. Labda wanajua. Labda hawajui, ni mimi nimekuwa wa kuogopesha. Siwezi kuwalaumu bila ushahidi. Siku moja nilimsalimia mlinzi wa lango nikashtuka na sauti yangu mwenyewe, imekauka. Nikahesabu: tangu jana yake asubuhi sikuwa nimesema neno na mtu.

Nikamtafuta. Mwikali sasa analea mtoto wa watu kwenye fleti moja Kileleshwa. Alishuka mpaka getini, mtoto amembeba mgongoni.

"Ni mimi," nikamwambia. "Zile programu, ni mimi."

"Kwani unadhani sikujua? Nilijua pale pale. Namba yangu nilimpa nani mwingine?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme." Akamtingisha mtoto kidogo. "Nilikungoja mpaka nikifunga virago. Mpaka lifti ikifunga, bado nakungoja, mjinga mimi."

Nikaanza kulia. Akaniuliza, "Bosi umemwambia?"

"Bado."

"Basi hujaungama, mamaa. Umekuja kwangu kutua mzigo tu. Mimi nina wangu hapa mgongoni." Akamwambia mlinzi afunge geti.

Siku iliyofuata nikaingia kwa bosi, nikasema yote, hata lile neno langu la mashine. Akaweka kalamu chini.

"Unajua nilikuwa nimemwandalia barua ya kazi ya kudumu?" akasema. "Ilikuwa tayari kwa droo."

Ole wangu! Ile 'pengine' niliyokuwa nimejificha nyuma yake ikabomoka.

Alinipa barua ya onyo, na mashine akampa mwingine kuisimamia. Ni haki yake, angeweza kunifukuza. Mapokezi tayari pana msichana mwingine, hana kosa, hawezi kutolewa. Kwa hiyo bosi akamwandikia Mwikali barua ya kumsafisha jina, na nyingine ya kumpendekeza kwa waajiri. Nilizipeleka mwenyewe, nikaziacha kwa mlinzi. Jioni akanitumia ujumbe: "Nimepata." Hilo tu. Nimempigia tangu hapo, simu inaita mpaka inakata.

Wewe unayesoma hapa, kama umefanya kosa likaangukia jina la mwenzako, usijipe siku. Usiseme atacheka, usiseme Jumatatu. Mimi nilikuwa na dakika moja mle ofisini, na maneno yenyewe yalikuwa mawili: ni mimi. Yamenichukua miezi saba kuyatoa, na sasa nayasema kwa watu nisiowajua, kwa sababu yule niliyetaka anisikie hapokei simu.