Ukoka Niliouharakisha

Nimefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya kutengeneza bustani mjini Tabora. Kazi yangu ni manunuzi: miche, samadi, kokoto, na hasa ukoka, ile nyasi inayokatwa pamoja na udongo wake, vipande vipande kama mikeka midogo, ikapakiwa kwenye lori na kutandazwa. Asubuhi uwanja ni vumbi tupu, jioni ni kijani. Wateja walipenda hilo, nami nikajivunia.

Tulipata kazi ya nyumba ya wageni kule Kwihara. Wenyewe walitaka watalii wanaokuja kuona njia ya zamani ya misafara wapate pa kulala penye bustani nzuri. Tukatandaza, wakafungua, wakafurahi. Miezi kadhaa baadaye, kabla ya kutupa kazi ya awamu ya pili, walituletea fomu. Swali moja liliuliza kama yupo mtu yeyote, kwetu au kwa wanaotuuzia bidhaa, anayefanyishwa kazi kwa nguvu.

"Weka tiki kwenye hapana, mama, tuendelee," bosi akaniambia.

"Shamba la ukoka sijawahi kufika."

"Miaka yote unanunua kwao, leo ndiyo unawashuku?"

Sikuwashuku. Nikisema dhamiri ndiyo iliyonituma, nitakuwa naongopa. Niliona tu vibaya kutia sahihi jambo nisilolijua, basi nikapanda basi la Nzega, kisha la Igunga, na kutoka hapo bodaboda mpaka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kando ya bwawa dogo.

Msimamizi wa shamba alikuwa mtu mpole wa sauti, mgeni katika mkoa wetu. Wafanyakazi walimwita mnyapara. Alininunulia soda, akanitembeza, na hakunibanduka hata hatua moja. Nikimsalimia mfanyakazi, yeye ndiye anajibu.

Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa akikata ukoka kwa panga, umri wake kama wa binti yangu wa kwanza.

"Shikamoo, mama," akasema, na lafudhi yake nikaijua. Nikamjibu kwa Kinyamwezi, nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Lusu. Mnyapara akatabasamu kama anavyotabasamu mtu asiyeelewa kinachosemwa. Nilipoliona hilo, nikaendelea kwa Kinyamwezi, kwa sauti ile ile ya kuulizana habari za nyumbani.

"Kwenu umekwenda lini?"

"Sijaenda tangu nije. Hizi ni mvua za pili."

"Kwa nini?"

"Kitambulisho na simu anavyo huyu. Amevitia kwenye kopo la rangi, chumbani kwake. Anasema anatutunzia. Mwenzetu mmoja alipoondoka bila ruhusa, alisingiziwa kuiba pampu ya maji, akawekwa mahabusu. Tangu hapo hakuna aliyejaribu."

Hakuacha kukata. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mama yangu amefariki nikiwa hapa. Kaka yangu alikuja mpaka getini kunipa habari. Nikaomba siku mbili nikamzike. Huyu akasema ningoje, kuna mzigo wa Kwihara, na wenye mzigo wanapiga simu kila saa. Tulipomaliza kukata, mama alikuwa ameshazikwa."

Aliyekuwa akipiga simu kila saa ni mimi. Siku ile ya mzigo, mnyapara alinieleza kwenye simu kwamba ungechelewa kidogo, kuna mfanyakazi ana msiba. Nilimjibu, "Hayo ni ya kwenu. Mimi nataka ukoka." Nayakumbuka maneno yangu neno kwa neno.

Nilimshukuru mnyapara kwa soda.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa afisa kazi, Tabora. Alinisikiliza, akaandika, na wiki hiyo hiyo tukaenda naye pamoja na polisi. Kopo lilimwagwa mezani: vitambulisho na simu, nyingine betri zimevimba. Hakuna aliyeshangilia. Kila mmoja alichukua chake, akaitazama picha yake kwa muda, akaenda kufunga mizigo. Mnyapara alikamatwa. Mwenye shamba, ambaye anaishi mbali, alisema hakujua lolote, na akaaminiwa. Nilitaka kumchukia, ila hata mimi ningejibu vivyo hivyo kama kuna mtu angeniuliza.

Bosi alinuna. "Umetuchafulia jina," alisema. Lakini wateja wa Kwihara walitaka kuona tumebadilika, kwa hiyo akaniachia niandike utaratibu. Niliuandika kwenye ukurasa mmoja. Hatununui mahali ambapo hatujafika. Tukifika, tunazungumza na wafanyakazi msimamizi akiwa mbali. Kila mtu anakaa na kitambulisho chake. Mwenye msiba anakwenda, mzigo unangoja. Bosi alitia sahihi kwa sababu aliitaka awamu ya pili. Nilipokwenda likizo, akaagiza ukoka kwa mtu ambaye hatujawahi kumtembelea. Nilirudi siku lori linafika, nikalizuia getini. Ukoka ukanyauka humo humo. Tulikaa siku nyingi bila kusalimiana, na mpaka leo akinitaja kwa wageni huniita mpelelezi.

Mavuno yalipokwisha nilikwenda Lusu na sukari na kitenge. Yule mwanamke alinipa kiti, yeye akakaa kwenye mkeka akibangua karanga. Nilimpa pole ya mama yake. Kisha nikamwambia ukweli kwamba simu zile zilikuwa zangu.

"Nilijua, mama," alisema. "Yule mnyapara alikuwa anafungua spika ya simu ili na sisi tusikie. Ulipokuja shambani nikaitambua sauti yako. Ndiyo maana habari ile nilikuambia wewe."

Nikamwambia kitalu chetu cha miche kinahitaji mtu, kazi ina mkataba, likizo ipo, na angekaa Tabora karibu na barabara ya kurudi kwao.

"Hapana," alisema. Hakuwa na hasira. Akaendelea kubangua, ungo ukajaa, akazimwaga kwenye gunia. Baadaye akasema, "Sukari nitapokea, ni ya msiba. Kitenge kirudishe."

Akamwita kaka yake anisindikize barabarani. Yule kaka alinibebea mkoba njia nzima, akinieleza habari za mvua na bei ya pamba, kwa heshima zote, na kwenye kituo alingoja mpaka basi likaja. Hakuniuliza mimi ni nani.