Siku Koko Alipouzima Moto

Wiki iliyopita, kwenye ghala la mizigo la Clairwood, hapa Durban, ninakofanya kazi ofisini, baridi ya asubuhi ilitukusanya sote uani. Madereva walikuwa wamejaza pipa mbao za pallet za kupangia mizigo: moshi mwingi, moto hakuna. Nikaokota kipande cha nondo, nikainyanyua mbao ya chini kidogo hewa ipite, moto ukashika. Dereva mmoja akacheka: "Eish, dada, nani alikufundisha?" Nyanya yangu, nikamwambia. Kisha nikarudi ofisini nikakosea hesabu mpaka saa ya kutoka, maana kila nikimkumbuka mwanamke yule na moto wake, nachanganyikiwa upya.

Tulimwita koko, kama Wakongo wengi wanavyowaita nyanya zao. Nilipokuwa mdogo tuliishi upande wa Cato Manor, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, kila familia na mlango wake. Sisi tulipata iliyokuwa sebule, na ukutani kulikuwa na meko ya matofali yenye bomba la moshi. Unaijua Durban, hata Julai mchana mtu anatoka jasho. Lakini koko alitoka milimani juu ya Bukavu, na alipoyaona meko yale aliyafagia kabla hata hatujafungua mizigo.

Vyombo alivipata kwa muuza vyuma chakavu: chuma kirefu cha kuchochea, koleo la kushikia vijinga, sepetu ndogo ya majivu. Baba, aliyekuwa akipakua malori, alileta mbao zilizovunjika. Mimi nikawa mwanafunzi. "Usipige moto juu-juu, mutoto," koko aliniambia. "Pitisha chuma chini, nyanyua, iache ipumue." Jioni aliyafukia makaa ndani ya majivu kama anayemfunika mtoto, na asubuhi aliyafukua yakiwa bado mekundu. Viazi vitamu vilivyoivia mle vilikuwa na ganda jeusi na nyama ya njano, tamu mpaka vidole vinanata.

Moto ule haukuruhusiwa kuzimika. Babu alikuwa amebaki nyumbani kuuza shamba, atufuate. "Akifika, akute nyumba iko na moto," koko alisema, na mimi kila nikisikia mlango nilidhani ni yeye.

Jirani yetu, mama mmoja wa Tanga, hakuupenda moshi ule hata kidogo. "Jamani, bibi, nguo zangu zinanuka!" Basi koko alikasirika mara mbili, kwa sababu ya moshi na kwa sababu kwetu bibi maana yake ni mke. "Mimi si bibi yake!" alinung'unika, na hakuna aliyethubutu kuwaeleza.

Kisha ikaja siku ile. Umeme ulikuwa umekatika. Nilipotoka shule nikapishana mlangoni na mgeni, mfanyabiashara aliyetoka kwetu. Ndani, koko alikuwa anayachota makaa yote kwa sepetu na kuyamimina katika jiko la yule mama wa Tanga. Mama wa watu amesimama, mdomo wazi.

"Yanatosha, bibi."

"Beba yote. Pika."

Yaliyobaki akayamwagia maji. Sitausahau mlio ule, wala mvuke uliopanda hadi darini.

Mama yangu aliporudi kutoka saluni na kukuta meko yamelowa, aliweka mikono kichwani akalia. Kabla ya jioni kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa chumbani wakiimba. Mama wa Tanga akaja na birika la chai ya tangawizi, macho mekundu. Koko alikaa katikati yao akirudia, "Hakuna mutu amekufa." Walivyomsikia ndivyo walivyozidi kuimba. Nikaelewa kwamba babu amekufa. Shuleni nilimwambia mwalimu, na darasa zima likasimama kimya kwa ajili yake.

Siku chache baadaye simu ya baba ikalia, akaiweka sauti kubwa, na nikamsikia babu. Babu mwenyewe, na kikohozi chake! Nilipiga kelele, nikakimbilia uani. Hakuna aliyenieleza. "Mambo ya wakubwa," mama alisema, na mimi nikalala na hofu ya marehemu anayepiga simu.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima mama aliponisimulia, huku akinisuka. Babu alikuwa ameoa mwanamke mwingine, wanalima shamba lilelile, na yule mgeni alitumwa kusema kwamba hatakuja. "Kwetu moto unazimwa mwenye nyumba akifa," mama alisema. "Sasa huyu hakufa. Mimi mwenyewe sikujua nizidi kulia ama niache."

Kinachonichanganya ni yaliyofuata. Koko hakuwasha tena, lakini hakuinama. Alianza kushinda kwa mama wa Tanga, wakimenya vitunguu na kucheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia chumbani kwetu. Habari ya kifo cha kweli cha babu ilipofika, miaka mingi baadaye, alisema "asante" kwa aliyeileta, akaendelea kuchambua mchele. Usiku huo hakula.

Nilimuuliza mara moja tu, tukiwa tumehamia ghorofani South Beach, naye amezeeka. "Koko, siku ile ulikuwa na hasira ama ulifurahi?"

"Nilikuwa nimechoka kuamka mapema," akasema, akaomba miwani yake.

Amezikwa hapahapa Durban. Mama wa Tanga alirudi kwao, na nyumba yetu ilibomolewa wakajenga vyumba vya wanafunzi. Naweza kukueleza viazi vilinukaje na maji yalivyolia juu ya makaa. Lakini moyo wake siku ile, kama ulivunjika au ulifunguka, sijui, na wote ambao wangejua hawapo wa kuulizwa.