Shahidi wa Mchuzi wa Sungura

Kila siku ilipokaribia saa saba mchana, fundi saa alifunga droo ya bisibisi zake, akakitoa jichoni kile kioo chake cha kukuzia, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akaenda kula mbele za watu. Meza yake ilikuwa karibu na mlango wa mgahawa wa mkewe, na kiti kiligeuzwa kuwaelekea wateja, kama kizimba cha mshitakiwa. Sahani ya kwanza kutoka jikoni ilikuwa yake. Hakuna aliyeagiza sungura kabla hajaliona koo la fundi likipanda na kushuka.

"Leo utafune kama mtu anayekula," mkewe alimnong'oneza akiweka sahani. "Jana ulitafuna kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali."

"Jana nilikuwa nimeshiba."

"Shiba jioni."

Mtaani walikuwa wameshaacha kumwita Fundi. Walimwita Shahidi.

Hakuomba kazi hiyo. Kwa miaka mingi alitengeneza saa za watu na akaheshimika, mpaka simu zikaanza kuwaonyesha watu saa bure. Wateja wake wakabaki wazee waliotaka betri, na kimeza chake kikahamia kwenye baraza ya mgahawa wa mkewe, ambao nao haukuwa na afya nzuri. Ndipo mteja mmoja aliyekuwa akihama mji akamwachia zawadi ya sungura wawili ndani ya boksi la viatu. "Wote madume," alisema, "hawatakusumbua."

Baada ya muda mfupi mmoja wa madume hao akazaa watoto saba. Fundi alifurahi kama mtu aliyepata wajukuu. Mkewe alihesabu masikio, akagawanya kwa mbili, akaenda kununua vitunguu.

Mchuzi ulikuwa mzuri, lakini mpishi wa ng'ambo ya barabara aliuliza kwa sauti, mara moja tu, mbona siku hizi paka hawaonekani mtaani. Ikatosha. Mke wa fundi akajibu kwa kumwachia kila sungura mguu mmoja wenye manyoya, akauweka kwenye sahani ndogo pembeni ili kila mtu auone. Hapo ndipo Mwalimu alipoingilia. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kila siku kunywa chai moja na kusoma gazeti la mwenzake. Aliuinua ule mguu, akauchungulia kama karatasi ya mtihani, akaurudisha.

"Mguu," alisema, "unaazimika."

Siku mbili hakuna aliyeagiza. Siku ya tatu mkewe alitoka hadi barazani akamshika fundi mkono. "Njoo ule hapa, wakuone."

Akala, na tatizo lilianzia hapo, kwa sababu nyama ilikuwa tamu. Alikwangua sahani na kuomba nyingine, na siku hiyo sufuria ikaisha. Mkewe hakuhitaji kufundishwa biashara.

Lakini fundi ndiye aliyewalisha na kuwasafishia mabanda. Ndiye aliyewatia mafuta masikioni walipopata utitiri, tone moja moja, kwa ile sindano ya kulainishia saa. Aliwahi kuweka kidole kifuani pa mmoja wao huku anatazama mshale wa sekunde, akakuta moyo unapiga zaidi ya mara mia mbili kwa dakika, mwendo ambao saa yoyote ingeshaletwa kwake siku nyingi. Kwa hiyo kila jioni shemeji yake, kaka wa mkewe, mchinjaji kwa kazi na mtu wa maneno machache, alipopita kuwachukua wa kesho, alisimama bandani na kuuliza:

"Shemeji, nani leo?"

Fundi akawa anachagua. Alianza na wagomvi. Kulikuwa na dume lililowauma wenzake mikia. Hilo liliondoka bila roho ya mtu kuuma, na fundi aliongeza mchuzi. Wakafuata walafi, halafu waliomwaga maji makusudi. Kwa miezi michache akawa amefanikiwa, bila kukusudia, pale serikali nyingi ziliposhindwa: alibaki na raia wema watupu. Na raia wema nao walihitajika mezani saa saba.

Akaanza kutafuta njia ya kutokea.

Jumatatu moja alisema anaumwa jino. Alikaa kwenye kiti chake ameshika shavu, sahani ikapoa. Mwalimu alizieleza meza zote tatu zilizokuwa na watu: "Jino la mtu halidanganywi. Limekutana na mfupa lisioujua." Sufuria ilirudi jikoni ilivyotoka. Jumanne jino likapona.

Wiki iliyofuata alisema daktari amemkataza nyama. "Ana ugonjwa gani?" wateja wakauliza. Presha. "Ameipata kwa kula nini?" Na kila mtu alijua alichokuwa akila, maana walimkodolea macho kwa miezi. Akapona presha pia.

Halafu akajifunza kutafuna hewa, nyama akaitema kwenye leso, leso mfukoni, na kutoka mfukoni akaificha kwenye droo ya kazi mpaka apate nafasi ya kuitupa. Hiyo nayo haikufika mbali. Mzee mmoja aliirudisha saa yake akilalamika kwamba chini ya kioo kuna sisimizi wanapita kati ya nane na tisa.

Mkewe aliikuta leso. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akamtazama.

"Mama watoto, nimechoka kuwala," fundi alisema.

"Nani kakwambia uwale? Mimi nataka uonekane unawala."

"Kuna tofauti?"

"Tofauti iko tumboni mwako, huko mimi siingii. Lakini ukiacha, watasema hata mwenyewe hali, na kesho nafunga. Halafu tutakula nini, betri?"

Katika mtaa mzima kila mtu alikuwa huru kutomla sungura. Mpishi wa ng'ambo alikuwa huru. Mwalimu, pamoja na maneno yake yote, hakuwahi kuonja hata mfupa. Aliyefungwa kwenye sahani alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyemjua kila sungura kwa sura na tabia.

Ndipo ikaja habari ya jengo. Chini ya barabara kulikuwa kunajengwa ghorofa, na msimamizi wake alikuwa akitafuta mtu wa kuwapikia mafundi sitini kila mchana mpaka kazi iishe. Angekuja Alhamisi kuonja. Mke wa fundi alifua mapazia na kuazima kitambaa cha meza chenye maua.

"Alhamisi," alimwambia mumewe, "unatafuna kwa niaba ya watu sitini."

Jumatano jioni shemeji akaja. "Shemeji, nani leo?"

Fundi aliwatazama wale waliobaki, nao wakamtazama. "Subiri kidogo," alisema, akaingia chooni, akakaa humo kama mtu mwenye shughuli nzito. Shemeji alisubiri, akakohoa, akasubiri tena. Naye alikuwa na kwake. Mwisho akafungua banda mwenyewe akachukua wawili wenye uzito, akaondoka.

Asubuhi fundi alitamani kwenda nyuma kuona nani hayupo, lakini mkewe alimbana na kazi ya kutundika mapazia, halafu kiti kinayumba, halafu mlango unalia. Saa saba ikamkuta na nyundo mkononi.

Msimamizi aliingia na buti zake za vumbi, akaiweka kofia yake ngumu magotini. "Nasikia hapa mwenyewe ndiye anayeanza."

"Ndio utaratibu," alijibu Mwalimu kutoka meza ya pili, kana kwamba aliuandika yeye.

Sahani ikaja, na pembeni yake ule mguu. Ulikuwa mweupe, vidoleni una doa la kahawia kama chai iliyomwagika. Fundi aliinua kijiko kabla hajauona. Alipouona, akakirudisha mezani taratibu.

"Ni ya moto," mkewe aliwahi kusema kutoka mlango wa jikoni, upawa mkononi.

"Si ya moto," alisema fundi. "Huyu namjua."

Msimamizi alimtazama mke, akamtazama mume. "Unamjua vipi?"

"Alikuja hapa ndani ya boksi la viatu. Tuliambiwa ni dume. Siku moja nikamkuta anajing'oa manyoya ya kifua mwenyewe, nikadhani anaumwa, kumbe anawatandikia watoto. Wote waliobaki nyuma pale ni wake au wa wanawe. Nikimtibu masikio anatulia kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye. Na nikichelewa asubuhi, anapiga ubao wa banda kwa mguu wa nyuma." Akaugusa ule mguu kwa kidole. "Leo nimechelewa sana na sikusikia ubao. Nikajiambia, amenisamehe."

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, yakaangukia maua ya kitambaa cha kuazima. Mkewe alifumba macho. Aliwaona mafundi sitini wakivuka barabara, mmoja mmoja, kwenda kula kwa yule mpishi mwingine.

Mwalimu alikunja gazeti lisilo lake.

"Nimesimamia mitihani miaka thelathini na mbili," alisema. "Mdanganyifu namjua hata akiwa amenipa mgongo. Huyu hadanganyi. Na paka hawezi kuwa na wasifu kama huu." Akageukia jikoni. "Mama, nami nipakulie."

Msimamizi alijifuta jicho kwa kola ya shati, akaivuta sahani ya fundi upande wake, akaonja. Akaonja tena. "Pole sana, Fundi," alisema, mdomo umejaa. "Ni mtamu mno. Yaani, pole."

Kazi ikapatikana siku hiyohiyo, na fundi akalala akijua kwamba kifungo kimekwisha. Ijumaa, ilipokaribia saa saba, mkewe alimfuata barazani. Mkononi hakuwa na sahani ya chakula. Alikuwa na mguu tu.

"Mume wangu, kuanzia leo huli."

Fundi alitaka kumkumbatia mbele za watu.

"Waeleze tu alikuwa nani."

"Nani?"

"Huyu wa leo. Wameshakaa."

"Mimi siwezi kulia kila siku."

"Sijasema ulie. Wewe eleza. Kilio kikija, kije."

Mafundi walikula kwa zamu mbili, kwa hiyo naye alieleza mara mbili. Walikaa vijiko mkononi wakimsubiri amalize, wengine kofia wamezivua. Mwalimu, ambaye sasa alikula sungura kila siku kana kwamba ndiye aliyemgundua, alimpa maksi. "Jana ulihuzunika vizuri. Leo umesoma tu." Siku moja mguu ulikuwa wa mtoto ambaye fundi alijua tu kwamba ni wa kijivu. Akasema alikuwa wa kijivu. Watu walitazama sahani zao, wakatazamana, na nusu ya chakula ikarudi. Mkewe hakumgombeza. Aliichukua ile sufuria akaitua kwenye kimeza chake, katikati ya saa.

Kilichomshangaza fundi ni njaa. Harufu ya mchuzi ilimfuata hadi barazani, na siku moja, baada ya kumwelezea marehemu mpaka msimamizi akapenga kamasi, alijikuta kwenye dirisha la jikoni. "Nipe japo kidogo."

"Wakamwone mfiwa analamba vidole? Kaa huko." Akampa maharage. Fundi aliyala akiwa ameuelekea ukuta, mate ya nyama yakimjaa mdomoni, akayaonea aibu, akayameza.

Jioni shemeji alifika akijipangusa mikono. "Shemeji, nani leo?"

Fundi alipita kwenye banda la vijana wanono, wapya, wote wamefanana. Hakuwa na la kusema juu yao. Akapita na la pili. Kwenye la mwisho kulikuwa na jike dogo alilolinywesha maziwa kwa bomba la sindano tangu mama yake afe, ambalo lilizitambua hatua zake na tayari lilikuwa limebana pua kwenye waya. Juu ya huyo angeongea zamu zote mbili bila kukwama.

Akafungua mlango. Jike likaja lenyewe mkononi.